Jinsi ya kumlinganisha fuko na foraminifera

Ndugu, umeuliza kama kuna maana yoyote ya kumlinganisha fuko asiye na manyoya, mchimbaji wa mahandaki, na foraminifera, kiumbe wa baharini mwenye seli moja tu. Maana ipo, ila nakushauri usianze na ukubwa wala idadi ya seli, kwani utaishia kusema mmoja ni mkubwa na mwingine mdogo, jambo ambalo msomaji wako analijua tayari. Anza na tatizo linalowakabili wote wawili, yaani uhaba wa oksijeni. Fuko, anayebanana na makumi ya wenzake chini ya ardhi, huweza kustahimili takriban dakika 18 bila oksijeni kabisa, kwa kuwa ubongo na moyo wake hugeukia sukari ya fruktosi. Baadhi ya foraminifera waliojizika katika tope la sakafu ya bahari hupumua kwa kutumia nitrati (kemikali yenye nitrojeni iliyomo majini) badala ya oksijeni, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2006. Hapo ndipo penye utamu: fuko anasubiri hewa irudi, ilhali mwenzake anaendelea na maisha bila kuihitaji. Uzazi utaje kwa ufupi tu, kwamba katika kundi la fuko ni malkia mmoja tu anayezaa, na foraminifera wengi hupokezana kizazi cha kijinsia na kisicho cha kijinsia.