Je, makadirio ya kati yanatosha kuamua ujenzi wa njia ya umeme?

Swali: Tunapanga njia ya kusafirisha umeme itakayotumika miaka 40. Tuna makadirio matatu ya mahitaji: ya chini, ya kati na ya juu. Mshauri wetu ametumia ya kati, kisha akapandisha kiwango cha punguzo (asilimia ambayo thamani ya faida zijazo hupunguzwa nayo kwa kila mwaka wa kusubiri) kutoka asilimia 8 hadi 12 ili kufidia mashaka. Je, inatosha?

Jibu: Haitoshi, na kosa hili ninakutana nalo karibu katika kila andiko la mradi ninaloletewa. Mahitaji ya wastani hayakupi hasara ya wastani. Chukulia kwamba mahitaji yatakuwa megawati 100 au 500, kwa uwezekano ulio sawa, na njia inabeba megawati 300. Katika jedwali la mshauri mahitaji ni 300 na kila mteja anapata umeme. Katika hali halisi, ama theluthi mbili ya njia inakaa bure, ama megawati 200 zinakosa pa kupita, na hasara ya mgao wa umeme kwa kawaida huzidi mno gharama ya waya uliolala. Jedwali halioni hata moja kati ya hayo mawili.

Kupandisha kiwango cha punguzo ni njia ya mkato tu. Kwa asilimia 8, faida ya mwaka wa 20 huhesabiwa kwa takriban asilimia 21 ya thamani yake. Kwa asilimia 12, hubaki 10. Nusu ya faida ya mbali imefutwa, na bado hakuna aliyetaja shaka yenyewe ni ipi.

Pimeni kila mbadala katika kila hali, ukiwemo ule wa kusimamisha nguzo za saketi mbili (zinazoweza kubeba seti mbili za nyaya) na kuvuta waya wa saketi moja kwanza, ya pili ikisubiri mahitaji yakue. Katika hesabu ya namba moja mbadala huu huonekana kuwa upotevu wa fedha, kwa sababu penye uhakika hakuna faida ya kusubiri kuona mahitaji yatakuwaje. Thamani yake hujitokeza pale tu mnapokiri kwamba hamjui.

Wala msidanganywe na wauzaji wa programu zinazorudia hesabu mara elfu kumi kwa namba za bahati nasibu. Ikiwa mzigo mkubwa unategemea kiwanda kimoja ambacho ama kitajengwa ama hakitajengwa, programu inayotawanya namba kuzunguka wastani itawapa maelfu ya majibu kuhusu nusu kiwanda.