Kozi imeshajazwa, moyo umehama: majibu kwa wanaosubiri chuo

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, ujumbe ninaopokea kutoka Mtwara na Lindi una kilio kimoja: nimeomba kozi hii, sasa naitaka ile. Nimechagua maswali machache. Msimamo wangu nautaja mapema: kubadili mawazo kabla hujaingia darasani ni haki yako, na hutapata tena wakati ambao jambo hilo lina gharama ndogo kama sasa. Kinachoniudhi ni mtu kuhama kozi ambayo hakuisoma kwenda kozi nyingine ambayo pia hajaisoma.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Mjomba ndiye atakayenilipia ada kwa pesa za korosho, na amesema ni uhandisi wa petroli au nibaki nyumbani. Nimeiomba, lakini moyo wangu uko kwenye uhandisi wa umeme. Nimwambieje? (Tandahimba)

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako hana nia mbaya. Watu wa kusini tumeiona gesi ikitoka Songo Songo na Mnazi Bay, tumeliona bomba likilazwa hadi Dar es Salaam, na kiwanda cha Madimba kikianza kazi 2015. Mzee aliyeyashuhudia hayo ana kila sababu ya kutaka damu yake iwemo. Lakini kiwanda cha kusafisha gesi kikishasimama hakihitaji umati wa watu kukiendesha. Na ule mradi mkubwa wa kugeuza gesi kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, umezungumzwa miaka mingi kiasi kwamba wapo vijana waliochagua kozi kwa ajili yake, wakahitimu, wakaoa, na ujenzi bado haujaanza.

Kozi ya petroli si mbaya. Ni nyembamba, na anayeiingia aiingie kwa kuipenda, akijua hivyo. Mhandisi wa umeme anahitajika kwenye mitambo ya gesi pia, na gesi isipomwajiri kuna shirika la umeme, TANESCO, kuna viwanda, kuna migodi, kuna bandari. Hilo ndilo neno la kumpelekea mjomba. Ukianza na "sipendi", mazungumzo yameisha.

Kwetu huku mjomba hapuuzwi, kwa hiyo usibadilishe kimyakimya halafu akaja kukuta jina jingine kwenye barua ya udahili. Mpitie mama yako kwanza, muende wote. Beba mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), mfungulie kozi zote mbili, aone sifa zinazotakiwa na miaka ya kusoma. Nenda mapema, kabla minada ya korosho ya Oktoba haijaanza, maana pesa ikishapangiwa kazi kichwani mwa mzee, kumgeuza ni shughuli. Na ninyi wajomba na wazazi mnaosoma hapa: acheni kuishika ada kama fimbo. Atakayekaa darasani miaka minne ni mtoto.

Nimeshathibitisha chuo kimoja, sasa nataka kingine. Nifanyeje? (wengi mno)

Kila mwaka nalijibu. Dirisha la kuthibitisha likiwa bado wazi, ingia kwenye akaunti yako ya chuo ulichothibitisha, batilisha, kisha thibitisha kule unakotaka. Likishafungwa, unasubiri kipindi cha uhamisho. Someni tangazo la TCU lote, msiishie kwenye kichwa cha habari.

Nilifanyiwa maombi steshenari. Nilisema uhasibu, nimepangiwa maendeleo ya jamii. Mwenye steshenari aliweka namba yake ya simu, nywila anayo yeye, na sasa hapokei simu. (Masasi)

Hili linanikasirisha, na hasira yangu haiko kwako peke yako. Tangu 2017 kila mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina mfumo wake. Kijana asiye na kompyuta wala mtandao wa uhakika atakwenda wapi kama si steshenari? Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Wapo pia wanaojaza kozi yoyote yenye nafasi ili wamalize foleni.

Piga simu ofisi ya udahili ya chuo chenyewe leo, ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita. Omba wabadilishe namba ya simu na barua pepe kwenye akaunti yako, kisha uweke nywila mpya. Ukishindwa kwa simu, nenda mwenyewe. Kama umedahiliwa zaidi ya chuo kimoja, ile namba maalumu ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu iliyoandikwa kule, maana yake kwa sasa anayeamua unakwenda wapi ni huyo bwana. Awamu inayofuata ya maombi ikifunguliwa, au kipindi cha uhamisho kikifika, uhasibu utauomba mwenyewe. Na wengine wote: kaa pembeni ya anayekujazia, soma kila ukurasa kabla hajabonyeza, ondoka na nywila yako ukiwa umeiandika kwenye daftari.

Mwanangu yuko JKT, simu hana. Baba yake amemjazia ualimu wa Historia na Kiswahili. Mtoto aliwahi kusema anataka sheria. (Mama, Nachingwea)

Dada yangu, jitahidini ujumbe umfikie, au siku akipiga yeye mwulize hilo kabla ya salamu za ndugu. Kama hapatikani kabisa, ongezeni sheria kwenye machaguo yake ikiwa ufaulu unaruhusu, aje achague akirudi. Ualimu nauheshimu, ndio ulionilea. Lakini walimu wa masomo ya sanaa wanaosubiri ajira ni wengi, na sasa wanapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Kumpeleka huko asiyetaka ni kumwonea yeye na wanafunzi wake. Huyo wa sheria naye ajue kwamba akimaliza shahada, uwakili unadai tena Shule ya Sheria.

Kozi gani ina soko? (bila jina, bila mahali)

Niandikie tahasusi yako, alama zako, na kazi unayoweza kuifanya siku nzima bila kulazimishwa. Bila hayo sijibu.

Nimepata udaktari, familia imesherehekea, lakini ninachotaka ni kilimo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Naona aibu kusema. (Ndanda)

Jiulize kwanza unakimbia nini. Kama ni hofu ya wagonjwa, omba ruhusa ukae siku chache wodini, hospitali ya Ndanda au ya Ligula, uone kama hofu inapungua. Udaktari ni miaka mitano, na mwaka mmoja wa mafunzo kazini juu yake. Hofu ya wiki mbili isikuamulie yote hayo. Ila kama ni mapenzi ya kilimo kweli, aibu ya nini? Mkoa mzima unakula kwa mkorosho. Ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia kwenye maua, anayetakiwa ni mtu aliyesoma mimea, na kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapa hapa Mtwara. Nenda ukawaulize wanasoma nini na wanafanya nini.

Onyo: kutoka udaktari ni rahisi, kurudi ni vigumu sana kwa sababu nafasi ni chache na foleni ni ndefu. Hakikisha chuo unakokwenda kina nafasi na sifa zake unazo kabla hujaachia ulichoshika.

Nikibadili kozi, mkopo unakufa? (Lindi mjini)

Haufi kwa sababu hiyo tu, lakini Bodi ya Mikopo hupanga mkopo kwa kuangalia chuo na kozi uliyothibitisha. Ukihama, ada na mahitaji ya kitivo hubadilika, na kiasi nacho kinaweza kubadilika. Muone afisa mikopo wa chuo unachotoka na wa unachokwenda, upate maandishi. Wapo waliohama kwa mdomo, bumu, yaani pesa za kujikimu, likabaki chuo cha zamani muhula mzima. Mwenye Samia Scholarship awe mwangalifu zaidi: ufadhili ule ni wa sayansi, uhandisi na tiba, usihamie sheria ukitarajia ukufuate. Na kumbukeni mkopo unarejeshwa kwa asilimia 15 ya mshahara.

Diploma yangu ina GPA 2.8. Nataka kuhamia shahada mwaka huu. (Kilwa Masoko)

Kima cha chini ni 3.0, kaulize kozi ya msingi, ile ya kuwaandaa wasiofikia sifa, ya Chuo Kikuu Huria kwenye kituo chao cha Lindi.

Ada yangu inategemea korosho na malipo yanaweza kuchelewa. Nichukue kozi ya bei nafuu badala ya niliyoichagua? (Newala)

Usibadili kozi ya maisha kwa sababu ya malipo kuchelewa wiki chache. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Mpigie mhasibu wa chuo sasa, uliza awamu ya kwanza ni kiasi gani na mwisho wake lini, kisha mkae na baba mpange mzigo gani wa korosho unapelekwa mapema chama cha ushirika (AMCOS).