Ramu ya Jamaika iliyokenekwa kwa chungu cha shaba: tia kidogo, itasikika

Nikimmiminia mteja ramu ya Jamaika kwa mara ya kwanza, swali huwa lile lile: imeharibika? Inanukia ndizi iliyoiva kupita kiasi, nanasi, zeituni, na kwa mbali gundi. Haijaharibika hata kidogo. Harufu hiyo imetafutwa kwa jasho.

Kiwandani Hampden, huko Trelawny kaskazini mwa kisiwa, molasi, ile shira nyeusi inayobaki miwa ikitengenezwa sukari, huachwa ichachuke kwa hamira za asili zilizomo hewani na kwenye mapipa ya mbao. Hukaa hivyo wiki kadhaa, wakati ramu nyepesi huchachuka kwa siku moja au mbili tu. Humo hutiwa danda, masalia yenye uchachu mkali yanayobaki chunguni baada ya upishi uliotangulia. Asidi ikikutana na alkoholi huzaa esta, na esta ndizo zinazonukia matunda. Kisha hukenekwa: chungu cha shaba huziacha zipite. Mtambo wa mnara, unaokeneka ramu nyepesi, huziondoa nyingi. Ramu ya alama ya DOK, ile yenye esta nyingi zaidi, hufikia gramu 1,600 za esta kwa hektolita ya alkoholi tupu, na kwa miaka mingi ilinunuliwa kwa ajili ya kutia ladha kwenye peremende na keki.

Kwa hiyo usiifanye ramu pekee kwenye kokteli. Anza na Daiquiri: mililita 45 za ramu nyepesi, 15 za Jamaika, 20 za ndimu iliyokamuliwa papo hapo, 15 za shira. Tikisa na barafu nyingi mpaka kopo la kutikisia liume vidole kwa baridi, kisha chuja. Chagua ramu ya Jamaika yenye asilimia 57 ya alkoholi, kama Smith & Cross; barafu ikiyeyuka haiizimi.

Ukishaizoea, nenda kwenye kokteli ya Mai Tai. Mwenye baa Victor Bergeron aliibuni Oakland, California, mwaka 1944 kwa ramu ya Jamaika ya Wray & Nephew yenye miaka 17, pamoja na ndimu, shira ya lozi na kileo kitamu cha machungwa. Juisi ya nanasi haikuwemo, na mimi siitii: nanasi limo ndani ya ramu yenyewe.

Panchi ya Jamaika ina kanuni ya zamani: kipimo kimoja kichachu (ndimu), viwili vitamu (sukari), vitatu vikali (ramu), vinne hafifu (maji). Kwangu utamu huo umezidi, napunguza kuwa kimoja na nusu. Juu kwangua kungumanga nzima. Ya unga wa kopo haina harufu ya kushindana na ramu hii.