Si Kila Jalada Ligongwe Mhuri wa Siri

SWALI: Mhariri, mimi ni mtunza kumbukumbu katika masjala ya taasisi moja. Tumeagizwa kupanga taarifa zote katika madaraja manne: za wazi, za ndani, za siri na za siri kuu. Wenzangu wanaona ni salama zaidi kugonga mhuri wa siri kwenye kila jalada. Kinachonitatiza hasa ni orodha ya wafanyakazi isiyo na majina, ila ina jinsia, tarehe ya kuzaliwa na mtaa anaoishi kila mmoja. Je, hiyo nayo ni siri?

JIBU: Daraja la taarifa halipimwi kwa cheo cha aliyeiandika, bali kwa madhara yatakayotokea ikivuja na kwa nani yatakayempata. Kila karatasi ikiwa siri, wanaohitaji za kawaida watatafuta njia za panya, na mhuri utapuuzwa hata pale ulipo kwenye jambo zito. Tena usiri una muda wake: mtihani ni siri kuu hadi unapofanywa, kisha hauna cha kufichwa, kwa hiyo kila jalada la siri liandikwe tarehe ya kupitiwa upya.

Orodha yako ndiyo penye utelezi. Siri ya taasisi humlinda mwajiri, ilhali faragha humlinda yule anayetajwa ndani ya jalada, ambaye mara nyingi hata hajui kwamba yumo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inazipa ulinzi wa pekee taarifa za afya, dini, asili ya kikabila na msimamo wa kisiasa, miongoni mwa nyingine. Orodha yako haina hata moja ya hizo, na kila safu, ikisomwa peke yake, haimdhuru mtu. Hatari iko katika mjumuiko. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa jinsia, tarehe kamili ya kuzaliwa na msimbo wa posta wa tarakimu 5; yaani karibu yale yale uliyonayo mezani.

Iweke katika daraja la siri. Idara nyingine ikiihitaji, itolee nakala yenye rika badala ya tarehe, na wilaya badala ya mtaa, ambayo inaweza kushuka hadi daraja la ndani. Lakini kwanza hesabu watu katika kila kundi: akibaki mmoja, tuseme mwanamke pekee anayekaribia kustaafu katika wilaya yake, liunganishe kundi hilo na jingine kabla nakala haijatoka masjala.