Je, runinga zilimwonea Ruto 2022?

Ndugu, unauliza kama Ruto alionewa na runinga za Kenya kwenye kampeni za urais 2022 au alikuwa analialia tu. Yote mawili. S.K. Macharia, mwenye Royal Media inayomiliki runinga ya Citizen, hakuficha kwamba yuko na Raila, mpinzani wa Ruto. Lakini kumbuka mdahalo wa wagombea urais wa Julai 26: Raila hakutokea, Ruto akapewa jukwaa zima, akajibu maswali peke yake nchi nzima ikitazama. Hiyo nayo ni kuonewa? Mimi walionikera ni wale wa vipindi vya asubuhi. Chini ya skrini kumeandikwa “mchambuzi wa siasa”, kumbe jamaa jioni yuko jukwaani na kofia ya chama, na mtangazaji anajua fika. Wa pande zote mbili, tena.