Uliyetoka kwenye fani na maudhui, karibu kwenye falsafa

Wengi mnaoanza falsafa chuoni mmetoka kidato cha sita mkiwa hodari wa kuchambua riwaya. Mnatoa dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi, mnafunga daftari. Mtihani wa taifa unataka hivyo. Huku utakwama mapema, maana ukishaupata ujumbe huna tena sababu ya kufikiri. "Kisasi hakifai." Haya, halafu?

Chukua kitabu ulichokwisha kusoma, ukirudie ukitafuta mahali ambapo wewe mwenyewe hujui ungefanya nini. Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) inafaa sana. Manase amemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto naye anamwendea Sabina, dada yake Manase, ili alipize, na katika kulipiza huko anampenda kweli. Sasa uliza: Sabina anadaiwa nini katika ugomvi huo? Mapenzi yakiwa ya kweli, ile nia ya mwanzo inafutika, au Sabina ana haki ya kuijua kabla ya kuolewa? Wakikwambia kitabu hicho ni cha udhanaishi (falsafa inayosema mtu hujiundia mwenyewe maana ya maisha kwa uchaguzi wake), ni kweli, ila neno hilo liache kwanza hadi umalize usomaji wa pili. Wanaoanza nalo huishia kumwona Kazimoto kama mfano tu wa nadharia.

Kwenye filamu ningeanza na Mandabi ya Ousmane Sembène, ya Senegal, mwaka 1968. Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanataka kitambulisho, hana. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, nacho kinataka tarehe, na yeye anajua tu kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1900. Mtaa mzima unamjua, mwenye duka anamkopesha mchele, lakini akifika dirishani si mtu. Aliyewahi kusotea kitambulisho cha taifa hahitaji kufafanuliwa.

Mhadhiri atakuletea John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, aliyeandika mwaka 1694 kwamba mtu ni yuleyule kadiri ufahamu wake unavyoweza kuyafikia matendo yake ya nyuma. Ukiwa umemtazama Dieng kwanza, utakuwa na cha kumuuliza Locke: huyu mzee anakumbuka maisha yake yote, mbona haimsaidii? Nani basi mwenye mamlaka ya kusema mimi ndiye mimi?

Na tazameni hesabu ya zile fedha, watu wengi huipita. 20,000 ni akiba ya mpwa, 3,000 ni za mama yake mpwa, 2,000 tu ndizo za Dieng. Majirani wanamiminika kukopa kabla hata hajazishika. Je, anayegawa cha mwenzie ni mkarimu? Na akiwanyima wenye njaa kwa sababu si zake? Kundi letu lilibishana juu ya hilo kuliko juu ya filamu nyingine yoyote. (Wanazungumza Kiwolofu, kwa hiyo awepo mmoja wa kuwasomea tafsiri iliyo chini ya kioo wasiowahi kuifuata.)

Kuhusu insha ya kwanza: muhtasari wa mtandaoni usiuguse. Anza na aya moja inayosimulia tukio tu, bila "alikosea" wala "alipaswa". Ni ngumu kuliko inavyosikika. Kisha mwombe mwenzako aliyeisoma au kuitazama kazi hiyo akuoneshe ulichokiruka. Mara nyingi swali la insha liko hapo.