Kipima moyo cha kujiundia: majibu ya maswali yenu

Tangu nieleze namna ya kuunda kipima moyo kisicho na waya kinachosomeka kwenye simu, maswali yamemiminika. Leo nayajibu matano.

Fundi, niko chuo cha ufundi hapa Nairobi. Nahitaji vifaa gani hasa, visivyoniumiza mfukoni?

Vinne. Kibao chenye chipu ya AD8232 ya kampuni ya Analog Devices, ambayo hukuza umeme wa moyo, kwani ukifika kwenye ngozi huwa kama milivolti 1 tu. Kibao cha ESP32, chenye Bluetooth na Wi-Fi ndani yake. Vibandiko vitatu vya jeli pamoja na waya zake. Na betri ya lithiamu ya volti 3.7. Pita Luthuli Avenue ulinganishe bei duka kwa duka, na uchague ESP32 yenye tundu la betri. AD8232 ilishe kutoka pini ya volti 3.3 ya ESP32. Usiiunge moja kwa moja na betri: betri ikijaa hufika volti 4.2, na chipu hiyo mwisho wake ni 3.5. Kwenye vibandiko usibane matumizi, jeli ikikauka huoni kitu.

Mbona mstari wangu unatetemeka tu, sioni mapigo? Nimebandika vizuri, laptop iko kwenye chaja, programu haina kosa.

Chaja ndiyo inayokusumbua. Umeme wa majumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mwili wa mtu huunasa kama antena. Juzi nilikaa na kijana ninayemfundisha. Kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, cha pili chini ya mtulinga wa kushoto, cha tatu ubavuni, chini kulia. Laptop ikiwa kwenye chaja, mstari ulikuwa mnene kama kamba ya katani. Tukachomoa chaja, na palepale vilele vikajitokeza, vyembamba, kimoja baada ya kingine. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huo ni moyo wangu?"

Lakini kuna jambo kubwa kuliko mstari kuchafuka. Jeli imewekwa ili umeme upite kwenye ngozi kwa urahisi, na chaja mbovu inaweza kuupitisha umeme wa ukutani kifuani mwako kwa urahisi huohuo. Vibandiko vikiwa mwilini, kifaa kiwe kwenye betri peke yake. Kisiunganishwe kwa waya na chochote kilichochomekwa ukutani, hata kwa dakika moja. Naomba sana mlishike hili hata mkisahau mengine yote.

Mstari ukiendelea kutetemeka, futa ngozi kwa spiriti, nyoa vinyweleo, kaa utulie, wala usikunje ngumi. Misuli nayo ina umeme wake.

Nikijishika mshipa wa shingo nahesabu mapigo 75 kwa dakika. Simu inasema 150. Nimwamini nani?

Amini kidole chako. Kila pigo huacha kilele kirefu chembamba, halafu kilima kifupi cha mviringo, pale misuli ya moyo inapojiandaa kwa pigo linalofuata. Programu yako inavihesabu vyote viwili. Watafiti wawili, Pan na Tompkins, walilitatua hili mwaka 1985: baada ya kilele, usihesabu chochote kwa milisekunde 200. Kuanzia hapo hadi 360, kubali kilele kipya ikiwa tu mpando wake una ukali wa angalau nusu ya uliotangulia. Kilima cha mviringo hakiufikii. Kisha piga hesabu: ukisoma mara 250 kwa sekunde na kati ya vilele kuna visomo 200, hizo ni sekunde 0.8. Gawanya 60 kwa 0.8, utapata 75 yako.

Bluetooth au Wi-Fi?

Bluetooth ya nishati ndogo. Hailambi betri sana, haihitaji bando, na iPhone pia huikubali. Ukishikilia Wi-Fi, soma mawimbi ya moyo kwa pini ya 34, maana baadhi ya pini nyingine hazisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa.

Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 61, moyo humwenda mbio kisha hutulia. Je, kifaa hiki kitanionyesha kama anaumwa?

Marahaba. Mpeleke hospitali kwanza, usisubiri umalize kulehemu. Kifaa chetu huutazama moyo kupitia dirisha moja, wakati ECG kamili ya hospitali, yaani kipimo cha umeme wa moyo, huutazama kwa njia 12. Akilalamika maumivu ya kifua, mstari mzuri kwenye simu usikufanye umwambie apumzike tu. Arthur Zang wa Kameruni alibuni Cardiopad, tableti ya kupima moyo iliyompatia Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2016. Hata hiyo hutuma kipimo kwa daktari wa moyo aliye mbali, na yeye ndiye anayekisoma.

Kuna msaada mmoja unaoweza kumpa. Moyo wa namna hiyo mara nyingi hutulia kabla mgonjwa hajafika kliniki. Siku ukimwenda mbio, kama hana maumivu wala kizunguzungu, mbandike na uhifadhi mstari wote, siyo namba peke yake. Andika saa ulipoanza, ulidumu dakika ngapi, na mama alikuwa akifanya nini. Mkabidhi daktari karatasi hiyo pamoja na simu.